Cherehani Hushona kwa Nyuzi Mbili

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wanaoshona, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro



Nimeombwa nizungumze juu ya urafiki na ushirikiano wa watu wanaoshona. Labda wengine mtasema, "Urafiki nao unafundishwa? Nani asiyejua kuwa na rafiki?" Ni kweli. Lakini urafiki wa kucheka pamoja ni kitu kimoja. Urafiki wa kufanya kazi pamoja na kugawana fedha ni kitu kingine. Huo wa pili huvunjika upesi. Na ukivunjika, kikundi nacho kinavunjika. Vyerehani vinarudi nyumbani, vinafunikwa kitambaa kwenye kona, na mjumbe anabaki na kazi ya kusuluhisha.

Nianze na cherehani chenyewe. Hebu kitazameni. Juu kuna uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Chini kuna uzi mwingine, ule uliozungushwa kwenye bobini. Sindano ikishuka, nyuzi hizo mbili hukamatana ndani ya kitambaa. Huo ndio mshono. Sasa, uzi wa chini ukiisha bila wewe kujua, mambo gani hutokea? Sindano inapanda na kushuka. Mlio ni ule ule. Unakanyaga tu kwa furaha. Ukigeuza nguo, hakuna mshono. Ukivuta kidogo, uzi wote unatoka.

Kikundi cha kushona nacho kinataka nyuzi mbili. Uzi wa juu ni urafiki. Huo kila mtu anauona. Uzi wa chini ni daftari. Huo hauonekani, lakini ukikosekana, hata mkicheka vipi, hamshoni kitu. Leo nitaeleza nyuzi zote mbili.

FUNDI HAISHI PEKE YAKE

Ukipita katika mitaa ya Moshi mjini, utawaona mafundi wamekaa barazani mwa maduka, cherehani karibu na cherehani. Mtu anaweza kujiuliza, "Hawa si wanagombea wateja? Mbona hawakai mbalimbali?" Jibu ni kwamba wanahitajiana. Mteja hupenda kwenda penye mafundi wengi. Sindano ikivunjika, jirani anayo nyingine. Mkanda wa cherehani ukikatika, jirani anajua kuufunga. Fundi akienda kula, jirani anamwambia mteja, "Kaa kidogo, mama, anakuja sasa hivi."

Huku kwetu mlimani mambo ni magumu zaidi. Uru, Kibosho, Machame, Kilema, Marangu au Mwika, fundi wengi wanashonea nyumbani kwao, kila mmoja kwenye kihamba chake, katikati ya migomba. Hana wa kumwuliza. Kukata nguo ndiko kunakotisha kuliko kazi yote. Mshono ukikosea, unafumua. Mkasi ukikosea, umelipa kitambaa cha watu. Fundi aliye peke yake humaliza nusu saa ameshika mkasi mkononi, hajui akate au asikate. Lakini ukiwa na mwenzako aliyekutangulia kujifunza, atakuja, ataweka futi ya kupimia, atapiga chaki, na atasema, "Ongeza inchi moja hapa, mama ana mabega mapana." Basi umeokoa kitambaa, na umeokoa jina lako.

Rafiki wa kazi ana kazi nyingine tena. Hukuambia ukweli. Mshono umepinda, anasema umepinda. Kola moja ni ndefu kuliko nyingine, anasema. Mtu asiye rafiki atanyamaza mbele yako, kisha atalisema jambo hilo sokoni.

UGONJWA WA "NJOO KESHO"

Sasa niseme neno ambalo litawachoma kidogo. Sisi watu wa kushona tuna ugonjwa. Jina lake ni "Njoo kesho." Mteja ana harusi Jumamosi. Ijumaa jioni anakuja, nguo bado haijakatwa. "Njoo kesho asubuhi, mama." Kesho asubuhi bado vifungo.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Mara nyingi hautoki kwenye uvivu. Unatoka kwenye hofu. Fundi anaogopa kukataa kazi, kwa sababu akimwacha mteja huyu hajui mwingine atakuja lini. Kwa hiyo anapokea nguo ishirini wakati nguvu zake ni za nguo nane. Tena kazi yetu huja kwa misimu. Mwezi wa Desemba watoto wetu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kwa ajili ya Krismasi, na kila ukoo una harusi, kipaimara au ubatizo. Kwaya nazo zinataka sare mpya. Krismasi ikipita tu, Januari inaingia na sare za shule. Ikifika Machi, cherehani kinalala.

Dawa ya ugonjwa huu ni mwenzako. Mkiwa marafiki, wewe unapokea nguo nane, zile nyingine unampelekea jirani yako. Mwezi wa Machi, yeye akipata kazi, naye atakukumbuka. Mteja amepata nguo yake kwa siku aliyoahidiwa, na nyote wawili mmekula. Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1980, watu walisema ushonaji utakufa. Haukufa. Ukienda leo soko la Memorial pale Moshi, mitumba imejaa, lakini mtu akinunua suruali ndefu, anatafuta fundi wa kuipunguza. Kinachoua ushonaji kuliko mitumba ni "Njoo kesho."

WAZEE WETU WALIJUA

Kushirikiana si jambo geni katika mlima huu. Tazameni mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba. Wazee waliichimba tangu kabla ya ukoloni. Hakuna mtu aliyeweza kuchimba mfongo peke yake. Walichimba pamoja, walizibua pamoja, na maji waligawana kwa zamu. Asiyefika siku ya kazi bila sababu alitozwa. Ulikuwa ni ujirani, lakini ujirani wenye sheria.

Baadaye ikaja kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 ukaundwa ule Umoja wa Ushirika wa Kilimanjaro tunaouita KNCU. Mkulima alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, ikapimwa, akaandikiwa stakabadhi. Hata Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, wazo la ushirika halikufa. Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena, na KNCU ikarudi.

Lakini kuna jambo moja. Mkulima asiyejua kusoma aliishika stakabadhi yake kama mtu anayeshika karatasi ya kufungia chumvi. Aliamini alichoambiwa. Ndiyo maana kisomo kilikuwa jambo kubwa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Wilaya ya Kilimanjaro ilikuwa mojawapo ya zile wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutosoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Vitabu vya kisomo havikufundisha herufi tupu. Vilifundisha kusoma kwa njia ya kazi: pamba, migomba, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Nia ilikuwa kwamba kusoma kukae mkononi mwa mtu pamoja na jembe. Ninyi leo kusoma kwenu kukae pamoja na sindano.

WATU WA NGUO KATIKA NCHI NYINGINE

Pale Moshi mjini kuna chuo kilichofunguliwa mwaka 1963 kuwa Chuo cha Ushirika, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Wanafunzi wa ushirika, popote duniani, hufundishwa habari za mji mmoja wa Uingereza unaoitwa Rochdale. Mwaka 1844 watu 28 wa mji ule, wengi wao wafanyakazi wa kufuma nguo, walichanga paundi moja moja. Walikuwa maskini, kwa hiyo walichanga kidogo kidogo kwa muda mrefu. Tarehe 21 Desemba mwaka ule wakafungua duka dogo la unga, siagi na sukari. Walikubaliana kupima sawasawa, kuuza chakula kisichochanganywa uchafu, na kuandika hesabu ambazo kila mwanachama anaweza kuziona. Kutoka duka lile dogo, mfano wao ulienea dunia nzima.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na ninyi, maana ni wa kina mama. Katika mji wa Ahmedabad, nchini India, walikuwapo wanawake walioshona nyumbani kwao vipande vya nguo vilivyobaki viwandani, wakivifanya mifarishi. Kila mmoja alikuwa peke yake katika chumba chake. Mfanyabiashara alimlipa kidogo, naye hakujua mwenzake wa mtaa wa pili analipwa ngapi. Mwaka 1972 mama mmoja mwanasheria, Ela Bhatt, aliwaunganisha wanawake maskini wa kazi mbalimbali katika chama kinachoitwa SEWA. Mwaka 1974 wanachama 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja, wakaanzisha benki yao wenyewe. Wengi hawakujua kuandika majina yao. Wakafanyaje? Benki ilibandika picha ya mama katika kitabu chake cha akiba, ili ajulikane kwa sura.

Ndugu zangu, wale hawakujua kusoma na bado walitaka kila shilingi iandikwe. Ninyi mnajua kusoma. Mna udhuru gani?

MFANO WA SARE

Sasa tushike kalamu. Tuseme shule inataka sare za watoto 60, shati na sketi au shati na kaptula. Zimebaki siku nane shule ifunguliwe. Fundi mmoja anashona sare tatu kwa siku. Akiwa peke yake atahitaji siku 20. Kazi hiyo imemshinda kabla hajaanza.

Lakini tuseme mafundi ni watano. Wanagawana kazi. Mmoja anakata zote kwa kipimo kimoja, ili shati la huku lisiwe kubwa kuliko la kule. Watatu wanashona. Mmoja anatia vifungo na kupiga pasi. Kazi ni ile ile ya siku 20 za mtu mmoja, lakini sasa imegawanywa, na kwa siku tano imekwisha.

Tuseme tena kwamba malipo ya kushona ni shilingi 8,000 kwa sare moja. Hesabu inakuwa hivi:

Malipo ya sare 60: shilingi 480,000.
Uzi, vifungo, zipu na mkaa wa pasi: shilingi 60,000.
Zinabaki: shilingi 420,000.
Fungu la kumi liende kwenye mfuko wa kikundi: shilingi 42,000.
Za kugawana: shilingi 378,000.

Tutagawanaje? Hapa ndipo urafiki hufa. Mmoja anasema, "Tugawane sawa, sisi ni marafiki." Mwingine ananyamaza, lakini moyoni anasema, "Mimi nilikuja siku tano, yule alikuja siku mbili." Hasemi leo. Atasema mwezi ujao, tena kwa maneno makali, na kwa jambo jingine kabisa.

Daftari linasema bila hasira. Fundi wa kwanza siku 5. Wa pili siku 5. Wa tatu siku 4. Wa nne siku 4. Wa tano siku 2. Jumla siku 20. Shilingi 378,000 ukigawa kwa 20, kila siku moja ni shilingi 18,900. Basi:

Fundi wa kwanza: 94,500.
Fundi wa pili: 94,500.
Fundi wa tatu: 75,600.
Fundi wa nne: 75,600.
Fundi wa tano: 37,800.
Jumla: 378,000.

Jumlisheni wenyewe nyumbani, msiniamini mimi.

Mtaniuliza, "Na huyu wa tano? Je, kama alikuwa hospitalini na mtoto mgonjwa?" Swali zuri sana. Hapo ndipo uzi wa juu unapofanya kazi. Kikundi kinakaa na kukubaliana: tumpe mwenzetu shilingi 20,000 kutoka kwenye mfuko. Nazo zinaandikwa hivi: "Msaada kwa mwenzetu aliyeuguza, 20,000." Haziandikwi kama malipo ya kazi. Malipo ni haki, msaada ni upendo. Ukivichanganya, aliyefanya kazi ataona amedhulumiwa, na aliyesaidiwa ataona haya. Ukivitenga, kila mmoja atarudi nyumbani kichwa juu.

Kikundi chenye daftari bila urafiki kitamtoza faini mama aliyekuwa wodini, naye hatarudi tena. Kikundi chenye urafiki bila daftari kitacheka miezi mitatu, kisha kitakwenda kwa mjumbe.

DAFTARI LIANDIKWEJE?

Msiogope. Si lazima kalamu nzuri wala Kiswahili cha ofisini. Shikeni mambo haya sita.

1. Andikeni siku ile ile. Kichwa cha mtu ni kichungi. Kesho utakumbuka nusu.

2. Waandike wawili. Mmoja anaandika, wa pili anasoma kwa sauti wote wasikie.

3. Kitambaa cha mteja kiandikwe kinapopokelewa: jina lake, aina ya kitambaa, mita ngapi, vipimo vyake, siku ya kuchukua, na fedha alizotanguliza.

4. Mkikosea, msifute wala msichane ukurasa. Pigeni mstari mmoja juu ya kosa, andikeni sahihi pembeni. Ukurasa uliochanwa huzaa maneno mengi kuliko kosa lenyewe.

5. Fedha zikae katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo zishikwe na watu watatu wa nyumba tofauti, kama wanavyofanya watu wengi wa VICOBA.

6. Kila mwezi daftari lisomwe mbele ya wanachama wote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna siku mwenzenu atakasirika. Atasema, "Ati mnaandika? Kwani hamniamini?" Mjibuni kwa upole, "Dada, tunakuamini. Ndiyo sababu tunaandika, ili kesho asitokee mtu wa kukusingizia." Daftari si askari wa kumlinda mwizi. Ni ukuta wa kumkinga mtu mwaminifu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba na urafiki nao huisha hivyo hivyo.

MKOPO WA HALMASHAURI

Niguse jambo moja la mwisho kwa ufupi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikaanza tena mwaka 2024. Cherehani cha ovaloki, ambacho mtu mmoja hawezi kukinunua, kikundi kinaweza kukiombea mkopo. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu masharti ya sasa. Lakini jueni swali mtakaloulizwa mapema: "Kikundi chenu kina katiba na kumbukumbu?" Siku hiyo si siku ya kuanza kutafuta kalamu.

Tena msikope ili mjenge urafiki. Fedha ya mkopo haileti mapenzi. Jengeni kwanza urafiki kwa kazi ndogo na daftari dogo. Mkiona mmegawana fedha mara tano bila ugomvi, hapo mko tayari kukopa.

Ndugu zangu, kila mmoja wenu alipokuja kwenye kisomo alikuja na hofu. Aliyejua herufi alimsaidia asiyejua. Hakuna aliyemcheka mwenzake, na kama yupo aliyecheka, basi aliacha. Huo ndio urafiki ninaousema. Uchukueni kutoka darasani, mwuhamishie penye cherehani. Na kila asubuhi kabla ya kukanyaga, fanyeni kama afanyavyo fundi mzuri: tazameni uzi wa juu, kisha funueni mtazame na wa chini.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Uzi wa juu wa kikundi ni nini? Uzi wa chini ni nini?

2. Kwa nini msaada na malipo ya kazi viandikwe mbalimbali?

3. Kama fundi wa tano angefanya kazi siku 3 na fundi wa kwanza siku 4, kila mmoja angepata shilingi ngapi?

4. Katika kijiji chenu, ugonjwa wa "Njoo kesho" unaletwa na nini? Mtautibu vipi?